Mwaka Aliorudi Yonazi

Tulipomzika Mama Elisante mwezi uliopita, mhubiri aliyeongoza ibada alikuwa kijana asiyemfahamu sana, na kama wafanyavyo wahubiri katika mazishi ya namna hiyo, alishika yale aliyoambiwa na familia. Alisema marehemu alikuwa mama wa sala. Alisema alibeba mawe ya kujengea kanisa akiwa na mtoto mgongoni, na alilea watoto peke yake katika miaka ambayo sukari ilikuwa hadithi. Kisha akashusha sauti na kumalizia, "Kama kuna mtu aliyestahili mbingu, ndugu zangu, ni huyu mama." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya turubai, kanga mabegani kwa sababu baridi ya milima ya Upare siku hizi inaniingia kwenye mifupa, na sikuitikia. Si kwamba kijana alisema uongo. Lakini neno lile, kustahili, mama huyu alipambana nalo mwaka mzima mbele ya macho yangu, na baada ya mwaka ule sikumsikia tena akilitumia, si kwa ajili yake wala kwa ajili ya mtu mwingine. Tulipokuwa tunanawa mikono ili tule, Elisante, mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ana mvi kama mimi, alikuja akasimama karibu nami. "Dada Tumsifu," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa hapa mwaka aliorudi baba. Mimi nilikuwa jeshini, wadogo zangu shuleni. Wajukuu wananiuliza, na sina cha kuwaambia." Nikamwambia nitajaribu kuandika.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri nafasi ya kusomea uuguzi, nafasi ambayo ilikuwa inakuja mwezi ujao kila mwezi. Wakati huo mke wa mchungaji wa usharika wetu wa milimani, juu kabisa ya Same, alikuwa amejifungua pacha na hana msaada, nami nikapelekwa kumsaidia. Nyumba ya mchungaji ilikuwa ya mawe, nene, yenye madirisha madogo yaliyojengwa na watu waliopenda joto kuliko mwanga. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, meza ndefu ya vikao, na saa ya ukutani iliyokuwa imesimama kwa kukosa betri. Jiko lilikuwa limeegemezwa nyuma ya sebule, na ukuta uliotenganisha vyumba hivyo ulikuwa wa mbao zilizokauka na kuachana, kiasi kwamba aliyekaa kwenye kigoda akichochea moto alisikia kila neno la kikao, atake asitake. Tulikula unga wa njano, ule tuliouita yanga, uliokuwa na harufu ya ghala la mbali. Tulifulia nepi za pacha kwa majani ya mpapai. Chai tuliinywa na chumvi kidogo, au na kipande cha muwa mtu alichotafuna pembeni, na mgeni akija mama mchungaji aliomba radhi kabla hajamimina. Lakini upepo ulikuwa unaanza kugeuka. Waliotoka mjini walisema kule Same maduka yameanza kupata pumzi, kwamba watu sasa wana ruksa ya kuleta bidhaa toka nje, kwamba kuna sabuni inayonukia na nguo za mitumba zinazomwagwa chini barabarani. Vijana walishuka bondeni kwenda kuona, na wengine hawakupanda tena.

Mama Elisante alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya mfereji uliotoka kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyoshikilia sauti zote nyingine katika kwaya ya kina mama. Kila Jumamosi mchana alikuja kufagia kanisa na kupanga maua madhabahuni, na akimaliza alipita jikoni kwetu na kuniletea kitu, ndizi, tangawizi, siku nyingine maziwa ya pacha. Habari zake nilizipata kidogo kidogo toka kwa mama mchungaji. Mumewe, Yonazi, alishuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge upande wa Bendera wakati Elisante akiwa mdogo na Mama Elisante ana mimba ya mtoto wa mwisho. Aliondoka na ng'ombe wao wa maziwa, akasema anakwenda kumuuza ili apate pa kuanzia, na atarudi kuwachukua. Hakurudi. Zilikuja habari kwamba ana mwanamke huko. Mtoto akazaliwa, wa kike, akaitwa Nakunda, na kabla hajafikia umri wa kwenda shule akapata surua. Walituma mtu bondeni kumwita baba. Mtu yule alimkuta, akamweleza, na akapanda peke yake. Mama Elisante alimzika mwanawe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye nafasi yake kwaya ikiimba. Mchungaji alipofundisha darasa la kipaimara pale sebuleni, akitaka kueleza uaminifu, alimtaja yeye. Nilimsikia kwa masikio yangu. Na alipofika kwenye somo la neema alisema, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba neema si ujira, kwamba wokovu hatuupati kwa sababu tumefanya kazi nzuri, ila tunapewa bure kwa sababu ya Kristo. Watoto walikariri. Nami nikichochea moto nilikariri pamoja nao, na sikuona kwamba masomo hayo mawili yangeweza kugombana.

Yonazi alirudi siku ya gulio, saa za mchana, wakati watu wote wako sokoni. Hakwenda kwake. Nilifungua mlango wa mbele nikamkuta amekaa kwenye ngazi, mzee kuliko umri wake, mguu mmoja umevimba na kufungwa kitambaa, anakohoa kile kikohozi cha watu waliofanya kazi kwenye vumbi la mkonge. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Mchungaji alimwingiza sebuleni, nami nikaenda jikoni kuweka maji ya chai. Kwa muda mrefu nilisikia kikohozi tu. Kisha akasema, "Mchungaji, sikuja kwa mke wangu. Kwake sina uso. Nimekuja kwa Mungu, na kwake pia sina uso, lakini nilisikia zamani kwamba kwake wanapokea."

"Wanapokea," mchungaji akasema.

"Hata mtu kama mimi, ambaye hana nguvu ya kulipa kwa kazi? Maana huu mguu sidhani kama utapona. Sina hata jembe."

"Baba Elisante, hakuna anayeingia kwa jembe."

Nilipopeleka chai nilimkuta analia, bila sauti, akijifuta kwa kiganja. Aliyashika maji yale ya moto yaliyopauka kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitu cha thamani. Jioni hiyo mchungaji alimfungulia chumba kidogo cha stoo ya kanisa, akampa blanketi lake mwenyewe.

Wazee wa kanisa walikutana wiki hiyo hiyo. Mzee Samweli, aliyekuwa mwenyekiti wao, hakuwa mtu mkatili, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amewasomesha watoto wa ndugu zake na aliwahi kutoa chakula cha ghala lake mwaka wa njaa. Lakini alikuwa na macho ya mtu anayeona kijiji kikimwagika kuelekea bondeni. "Mimi sikatai arudi kundini," nilimsikia akisema. "Nasema tumwekee muda. Akae benchi la nyuma mwaka mzima. Ahudhurie mafundisho upya. Akipata nafuu asaidie ujenzi wa shule ya awali. Tuone matunda." Mchungaji akauliza itakuwaje akifa kabla ya mwaka kwisha. Mzee Samweli akasema, "Mchungaji, vijana wetu wote wanatazama. Sasa hivi ni ruksa kila kitu. Wakiona hata mlango wa kanisa hauna komeo, kwamba mtu anaacha mke, anaacha mtoto anakufa, halafu anapanda siku moja anasema samahani na anakaribishwa, tutawaambia nini?" Wengine walinguruma kukubali. Mchungaji alipojibu nilijua kwamba alikuwa amelifikiria jambo hili siku zote hizo. "Tutawaambia ukweli, kwamba ndivyo sisi sote tulivyoingia. Kutubu, ametubu. Tukimwekea bei, tutakuwa tumemfundisha kwamba sisi wengine tulilipa." Basi wakakubaliana, wengine kwa shingo upande, kwamba Yonazi ataungama mbele ya usharika Jumapili na kupokelewa, na atashiriki Chakula cha Bwana siku mvinyo utakapopatikana. Maana mvinyo wa altare haukuwepo. Ulikuwa unaletwa na gari la kanisa toka mjini, na gari halikuwa na mafuta, kwa hiyo meza ilikuwa imekaa miezi mingi bila kuandaliwa.

Leo, nikiwa nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu na nimekaa na watu wengi kwenye saa zao za mwisho, bado naamini kila neno alilosema mchungaji kwenye kikao kile. Ninachokiona sasa, na ambacho wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyekiona, ni kwamba katika majadiliano yote yale, ya waliotaka komeo na waliotaka mlango wazi, hakuna aliyevuka mfereji kwenda kumuuliza Mama Elisante.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi nje. Yonazi alisimama mbele akiegemea fimbo. Hakujipamba. Alitaja mke aliyemwacha, akataja ng'ombe, akataja mwanamke wa bondeni ambaye naye alimwacha mguu ulipoanza kuoza. Kisha akasema, "Na nilipata mtoto ambaye sikumwona. Aliugua, nikaitwa. Nilisema nitakwenda kesho. Nilisema hivyo mpaka wakaja kuniambia amezikwa. Hata jina lake silijui." Kwaya ilikuwa upande wa kushoto, viti vinavyotazama kusanyiko, kwa hiyo watu wote walimwona Mama Elisante alipoinuka. Aliweka kitabu chake cha nyimbo juu ya kiti, akashuka, akapita katikati ya kanisa bila haraka, akatoka. Mchungaji alisita, akatazama mlango, kisha akaendelea na maneno ya kumpokea yule mtu, maana angefanya nini. Wimbo uliofuata uliimbwa vibaya sana. Jumamosi iliyofuata Mama Elisante hakuja kufagia. Maua yalinyauka kwenye makopo yao, na kina mama wengine waliogopa kuyagusa, kana kwamba kuyatoa ni kukubali kwamba haji tena.

Nilikwenda kwake mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na kisingizio cha kurudisha kibuyu cha maziwa. Jiko lake lilikuwa la udongo, jeusi kwa moshi, mahindi yakining'inia juu ya moto. Alikuwa anachemsha makande. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda, akanipakulia bila kuniuliza kama nina njaa. Tulikula. Makande yake yalikuwa na maharage mengi, jambo la nadra mwaka ule. Kisha akaanza kusema, na sidhani alikuwa anasema nami hasa. "Mchungaji alinifundisha kwamba Mungu anaona. Nikasema vizuri. Nikibeba mawe, anaona. Nikilala na njaa ili watoto wale, anaona. Nilipokuwa namwosha Nakunda kabla ya kumfunga sanda nilisema, haya, na hili nalo unaliona. Nilikuwa kama mtu aliyeajiriwa, mwanangu. Sikuwa na mume, lakini nilikuwa na kazi, na mwenye kazi hakuwa mtu wa kudhulumu. Sasa huyu amekuja siku moja, amelia, amepewa kile kile. Si kidogo kuliko mimi. Kile kile. Basi mimi miaka yote nilikuwa nafanya nini?" Nilikuwa na umri ule ambao mtu hudhani kila swali lina jibu lililoandikwa mahali, na nilifungua mdomo. Akanitazama. "Kula," akasema.

Mchungaji naye alikwenda. Alirudi mapema kuliko tulivyotegemea, akaingia moja kwa moja jikoni ambako mke wake alikuwa ananyonyesha na mimi napepeta mchele mchache tuliopewa. Hakujali kwamba nipo. Alikaa kwenye gunia la mahindi. "Nimemsimulia wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu," akasema. "Walioingia alfajiri na walioingia jioni, wakapewa sawa." Mama mchungaji akauliza Mama Elisante alijibu nini. "Alisema hadithi hiyo anaijua. Alisema katika hadithi hiyo, wa jioni hawakuwa wamewafanyia lolote wale wa asubuhi. Walikuwa wamesimama tu sokoni." Mama mchungaji alimhamishia mtoto titi la pili, akasema taratibu, "Baba, wewe ulimpa yule mtu msamaha wa nani?" Mchungaji alikaa pale mpaka uji uliokuwa motoni ulipotokota, akainama, na nilimwona mtu mzima, msomi, mtu niliyemheshimu kuliko wote, akikubali kimoyomoyo kwamba kuna kitu amegawa ambacho hakikuwa chake.

Asubuhi ya pili aliniomba nifuatane naye, kwa kuwa mchungaji haendi peke yake kwa mwanamke anayeishi peke yake, na siku ya kwanza, kwa haraka yake, alikuwa amelisahau hilo. Mama Elisante alikuwa anapalilia tangawizi chini ya migomba. Hakusimama, na mchungaji akachuchumaa kwenye tuta ili wazungumze uso kwa uso, koti lake la pekee likiburuzika kwenye udongo.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Nilipaswa kuanza kwako. Yale aliyomkosea Mungu, nilikuwa na haki ya kumtangazia kwamba amesamehewa. Yale aliyokukosea wewe ni yako. Sikukuuliza, na nilisimama mbele ya watu kama vile nimekuuliza."

Aliendelea kung'oa majani. "Kwa hiyo unataka nimsamehe sasa."

"Nisingependa kusema uongo. Natamani. Na Bwana wetu anatuagiza. Lakini sikuja kukudai leo."

Akatupa pembeni majani aliyoyang'oa. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka uzeeni. "Mchungaji, mimi sijamsamehe. Nikimwona anakohoa nasema na akohoe. Huo mvinyo ukija, nikipiga magoti na moyo huu, nitapokelewa?"

"Utapokelewa."

"Kwa sababu ya mawe niliyobeba?"

Nilimwona mchungaji akisita, maana lingekuwa jambo rahisi na la huruma kusema ndiyo. "Hapana, Mama Elisante," akasema. "Kwa sababu ile ile ya Yonazi. Ukija ulivyo, utapewa ulivyo. Sina sababu nyingine ya kukupa, wala mimi mwenyewe sina nyingine."

Aliacha kupalilia. Alitazama mikono yake, akaikung'uta udongo, na uso wake ukapitiwa na mambo mengi, hasira kwanza, kisha kitu kama aibu, kisha, nashindwa kueleza, kitu kilichokaribia kicheko. "Basi miaka yote nimedhani niko kwenye foleni yangu," akasema, "kumbe ni foleni moja na yeye." Akatuambia tuingie ndani tunywe chai.

Sitaki mtu adhani kwamba siku ile ilimaliza mambo. Hakurudi kanisani Jumapili iliyofuata. Lakini Yonazi alipozidiwa na homa kule stoo ya kanisa, Mama Elisante aliniita toka ng'ambo ya mfereji, akanipa sufuria ya uji wa ulezi, akasema, "Mpelekee mgonjwa wenu." Alisema wenu. Siku zilizofuata aliendelea kutuma uji, na alipoona sufuria inarudi haijamalizwa, alikuja mwenyewe kuangalia ule mguu, akakaripia namna tulivyoufunga, akaufunga upya kwa majani aliyoyajua yeye, bila kumtazama mwenye mguu usoni. Yonazi alipopata nafuu ya kutembea kwa fimbo, alivuka mfereji. Nilikuwa pale nikianika mahindi. Alisimama mbali na mlango, kama mtu wa kuuza kitu. "Nakijwa," akasema, akimwita kwa jina la usichana wake, "sikuja kuomba kuingia. Naomba kuonyeshwa alipo mtoto."

Nilidhani atamfukuza. Alitangulia mbele, akampeleka nyuma kwenye migomba, mahali penye mawe madogo yaliyopangwa duara. "Anaitwa Nakunda," akasema. "Alikuwa anaogopa kuku. Alikuwa anaimba hata chakula kikiwa mdomoni." Alimweleza mambo yake yote, moja baada ya jingine, kwa sauti kavu, meno yalivyoota, alivyojifunza kutembea kwa kushika mkia wa mbuzi, siku ya surua, macho yalivyoziba, jinsi alivyoulizia baba kwa kuwa watoto wengine walikuwa na baba. Hakumwachia hata kidogo. Yonazi alisikiliza amesimama, mguu ukitetemeka. Alipomaliza, akampa jembe. Majani yalikuwa machache, maana alikuwa anapasafisha kila mara, lakini Yonazi alishuka chini, akakaa kwenye udongo, ule mguu mbovu ukiwa umenyooshwa, akapalilia kwa mkono na kwa ncha ya jembe, polepole, mpaka jua lilipohama. Mama Elisante alisimama akimtazama muda wote. Mimi niliingia ndani, maana halikuwa jambo la kutazamwa na mtu mwingine.

Mvinyo ulikuja mwishoni mwa mwaka, na haukuja na gari la kanisa. Uliletwa na lori la mfanyabiashara aliyepandisha bidhaa zake kwa mara ya kwanza milimani kwetu, katikati ya katoni za sabuni, mafuta ya kupikia na ndoo za plastiki za rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Mchungaji alikwenda kulipokea boksi lake gulioni, watu wakiwa wamelizunguka lori wakigusa kila kitu kwa vidole. Mikate ya meza haikutosha, ikabidi ivunjwe vipande. Jumapili hiyo nilikaa nyuma na pacha mmoja mapajani. Watu walikwenda mbele kwa mafungu, wakapiga magoti kuzunguka altare, wakapokea, wakarudi. Zamu ya mabenchi ya nyuma ilipofika, Yonazi aliinuka, akaanza kutembea na fimbo yake. Waliokuwa wamekaa naye hawakuinuka. Hawakuwa wamekubaliana, nadhani kila mmoja alingoja wa pili aanze, lakini yule mtu alifika mbele akajikuta peke yake kwenye ukingo mrefu ule wa mbao. Hakuweza kupiga magoti. Alisimama ameinama, akishika ukingo. Mchungaji alikuwa ameshainua sahani na kusimama.

Mama Elisante aliingia mlangoni. Sikujua kwamba alikuwa amekuja. Kumbe alikuwa amekaa nje kwenye ngazi tangu wimbo wa kwanza. Alipita katikati ya kanisa kwa mwendo ule ule aliotoka nao siku ile nyingine, akafika mbele, akapiga magoti. Hakupiga magoti karibu na Yonazi. Aliacha nafasi kati yao, nafasi ya mtu mmoja au wawili, akatazama mbele. Mchungaji aliwapa mkate, akaanza na Yonazi, kisha yeye, kwa maneno yale yale kwa kila mmoja. Baadaye Mzee Samweli aliinuka toka kiti chake cha mbele, ingawa zamu yake ilikuwa imepita, akaenda kupiga magoti kwenye ile nafasi ya katikati, na mchungaji akampa tena, bila kuuliza.

Nje, ibada ilipokwisha, wanawake walimzunguka Mama Elisante wakimshika mikono. Mmoja wao, machozi yakimtiririka, akamwambia, "Mungu akubariki, mama, kwa kumsamehe." Mama Elisante alikuwa anafunga kanga yake vizuri kiunoni, maana kulikuwa na upepo. "Bado," akasema. "Nilikuwa na njaa tu."

Barua ya chuo ilifika muda si mrefu, nikashuka milimani. Yonazi alijengewa chumba pembeni ya uwanja wa mkewe, akaishi humo mvua kadhaa, akila chakula cha jiko la Mama Elisante, akimtengenezea mipini ya majembe na kuchunga mbuzi karibu karibu. Hakuitwa mume tena, na hakuomba kuitwa. Alipokufa, Mama Elisante mwenyewe ndiye aliyechagua achimbiwe wapi, na alichagua kwenye migomba. Nilimtembelea likizo moja baada ya hapo, tukakaa jikoni, na nikiwa sasa mtu mzima nikathubutu kumuuliza kama hatimaye alimsamehe, na lini. Alikoroga chungu.

"Siku yenyewe siijui," akasema. "Nilikuwa shambani asubuhi, napalilia, na jua lilipokuwa kali nikainuka kunyoosha mgongo. Nikagundua kwamba tangu nilipoamka nimemsikia akikohoa kule chumbani kwake, nami nimesema, maskini, usiku hakulala. Nikaogopa, mwanangu. Nikajipapasa kama mtu aliyeangusha kitu njiani. Nikakitafuta kile kinyongo na sikukiona."

"Ukafanya nini?"

"Nitafanya nini? Kwani nilikitoa mimi? Nikainama, nikaendelea kupalilia."